Kinachopwita Chini ya Kitambaa

Jumatano, 5 Februari

Dada,

Salamu utazikuta chini. Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Unanijua.

Kuna kitu kinapwita usoni mwangu. Kipo kwenye panja la kushoto, pale unyusi unapoishia, karibu na nywele. Ni kinundu laini, kama kifungo cha shati kilichowekwa chini ya ngozi, na ukikigusa unakisikia kinadunda kama koo la kinda la ndege. Hakiumi. Mwanzoni nilidhani ni chunusi, nikasubiri kiive. Hakikuiva. Kinadunda tu kutwa, na nikiinua ndoo ya maji kinaenda mbio.

Nakificha kwa kile kitambaa changu cha kichwani, cha kijani. Baba ananiona nakivaa hata ndani ya nyumba, anadhani nimeanza kuwa mtu mzima.

Ningekupigia simu, lakini unaijua simu ya Baba. Lazima aweke spika, tena aishike mbali kama sahani ya moto, na fundi cherehani wa jirani hujibu maswali kabla yetu.

Chumba kimekuwa kikubwa. Bado nalala upande wa ukutani, nakuachia nafasi yako. Pale lilipokuwa sanduku lako la bati pamebaki alama ya mraba sakafuni, na kila ninapofagia naizunguka. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa juu yake, wewe nyuma na kitana mdomoni, mimi mbele naumia kichwa, na sanduku linalia "ngwii" kila ukivuta nywele? Siku hizi upepo ukisukuma pazia la mlangoni nageuka nikidhani ni wewe.

Nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na sina mtu wa kunisoma. Wewe ulikuwa unasoma nyusi zangu: mmoja juu, ndiyo, zote mbili juu, hapana. Wengine wote wananiambia, "Sema basi!"

Sasa wewe ni karibu nesi. Niambie hiki ni nini. Na Baba asijue.

Baba hajambo. Duka la baiskeli lina kazi. Hizo ndizo salamu.

Mdogo wako,
Nyusi


Jumanne, 11 Februari

Nyusi wangu,

Barua yako nimeisomea bwenini, na wenzangu wakaanza, "Ni ya mchumba hiyo!" Nikawaambia hakuna mchumba anayeandika mwandiko mzuri hivi.

Haya, mkalie kimya nesi wako. Hilo ni jipu. Au ni unywele umeota kwa ndani ukajikunja. Majipu yanapwita, niulize mimi! Umesahau lile lililonitoka makalioni wakati wa mitihani, nikafanya hesabu nimesimama, msimamizi akadhani nataka kuibia? Lilikuwa linagonga kama mtu mlangoni.

Loweka kitambaa safi kwenye maji ya moto, kamua, weka juu yake asubuhi, mchana na jioni. Usiliminye. Nakujua vidole vyako. Likiiva litapasuka lenyewe.

Hukugongwa na kitu pale, sivyo? Nauliza tu kwa sababu hapa wanatufundisha kuuliza.

Chuo ni kizuri, lakini kitanda ni chembamba na hakuna wa kunipiga mateke. Nimeweka sanduku miguuni pa kitanda. Jioni nakaa juu yake nikisoma, na bado linalia "ngwii." Nikilisikia hivyo mkono wangu unatafuta kichwa chako. Juzi nimemsuka binti wa kitanda cha pili bila kuombwa.

Baba umfiche kama unataka, lakini jipu halifichiki. Litamsalimia lenyewe.

Dada yako,
Tarumbeta


Jumanne, 18 Februari

Dada,

Hii naituma kwa basi, dereva amekubali kuifikisha, kwa sababu mambo yamekwenda haraka.

Nimeweka maji ya moto kama ulivyosema. Hakijaiva. Kimekua. Sasa ni kama nusu ya ndimu ndogo, na ukiniangalia kwa ubavu unaona ngozi ikipanda na kushuka. Kichwa kinauma upande mmoja. Nikilalia upande wa kushoto nasikia sauti sikioni: shwa, shwa, shwa. Mara ya kwanza niliamka nikakaa, kwa sababu ilikuwa sawasawa na ndala zako ukitoka kuoga. Nikalala tena upande huohuo.

Jana niliinama kumwokotea Baba spana, kitambaa kikadondoka. Alikuwa ameshika gurudumu. Akaliacha liende, likavuka barabara peke yake.

"Hicho nini?"

Nikainua nyusi.

"Mwanangu, mimi si dada yako. Sema kwa mdomo."

Nikasema ni jipu. Alikiangalia muda mrefu, mikono nyuma kwa sababu ya grisi. Halafu akafunga duka mchana kweupe, wateja wanamtazama, akanipeleka kwa Bwana Plasta kwenye duka la dawa. Unamkumbuka, yule aliyekufunga goti ulipoanguka na baiskeli ya mteja. Amezeeka, lakini bado ana utani wake. Alisema, "Huyu ana usaha uliokosa njia. Jumamosi mleteni asubuhi, nitampasulia kidogo, aende nyumbani akacheke." Baba akamwuliza kama kitaacha kovu. Akasema kovu dogo, la urembo.

Kwa hiyo ni Jumamosi. Sijawahi kuogopa hivi, hata kwenye mtihani wa kusoma kwa sauti. Baba ananinunulia soda kila siku, na hilo linaniogopesha zaidi.

Uliuliza kama niligongwa. Hapana, Dada. Sikugongwa na kitu.

Nyusi


Alhamisi, 20 Februari

Mdogo wangu,

Tumeshaongea kwenye simu leo asubuhi, na najua kijiji kizima cha pale dukani kimenisikia. Ninayoandika hapa ni yale ambayo nisingeweza kusema Baba akiwa ameweka spika.

Kwanza, nilikosea. Nilijifanya nesi kabla sijawa nesi. Sikukugusa, sikukuona, nikasema "jipu" kwa sababu mimi niliwahi kupata jipu.

Jana mwalimu wetu wa upasuaji alituonyesha picha ya kijana aliyepigwa na mpira kwenye panja. Wiki kadhaa baadaye akaota uvimbe laini unaopwita. Mahali fulani mtu alidhani ni usaha, akauchoma wembe. Mwalimu hakutueleza sana kilichofuata. Alisema tu kwamba damu ya ateri, mshipa unaotoka moyoni, haitiririki, inaruka. Halafu akasema, "Kabla ya kuweka wembe, weka kidole. Uvimbe unaopwita usoni si jipu mpaka uthibitishe." Nilirudi bwenini, na mlangoni nikakuta barua yako ya basi.

Mwalimu alisema pia kwamba uvimbe ule hauji wenyewe. Mtu hugongwa kwanza, hata kama ngozi haikuchanika. Wewe umeniandikia "sikugongwa na kitu."

Nilikaa juu ya sanduku nikifikiri. Halafu nikashuka nikaliangalia. Ile pembe ya chini, penye msumari uliolegea, kuna uzi wa kijani umenasa. Uko hapo tangu nifike. Nimeuona kila siku nikifagia.

Siku ile naondoka, niko juu ya ngazi ya basi, navuta sanduku, wewe chini unasukuma, dereva anapiga honi kama anafukuza ng'ombe. Ule mpira uliolifunga ukaachia, sanduku likateleza. Nikakuuliza, "Umeumia?" Ukainua nyusi zote mbili. Hapana. Halafu ukacheka, nami nikakaa kitini nikaanza safari yangu ya maana.

Nijibu kweli, mara moja tu. Unyusi mmoja au zote mbili?

Dada yako


Alhamisi, 27 Februari

Dada,

Mmoja.

Samahani. Ulikuwa umesubiri nafasi ile ya chuo muda mrefu sana. Kama ungeona damu ndani ya jicho langu ungeshuka, na basi lisingekungoja. Haikutoka damu nyingi, ni uvimbe tu wa kawaida ulioisha. Nilibonyeza na sarafu njia nzima ya kurudi, na kitambaa nikakivuta chini. Kinundu kilikuja baadaye kabisa, nilikuwa nimeshasahau. Tena nilipokumbuka nisingeweza kukuandikia, "Ni sanduku lako."

Sasa nikusimulie, maana ile simu uliisikia upande mmoja tu.

Baba alikuwa anaziba pancha. Ulipopiga kelele "Asiguswe na wembe! Asiguswe hata na ukucha!" fundi cherehani akatoa kichwa dirishani: "Nani asiguswe?" Baba akasema, "Nyamazeni, nasikia mambo mawili mawili." Halafu ukamwambia aweke kidole mbele ya sikio langu, pale mshipa unapopita, abonyeze taratibu. Akafuta mkono kwenye suruali mara nyingi. Alipobonyeza, kile kitu kikanywea na kunyamaza. Alipoachia, kikajaa tena. Akabonyeza tena, akaachia. Uso wake ukawa wa kijivu. Akasema kwenye simu, "Mwanangu, hiki kina pampu."

Bwana Plasta tulimfuata palepale. Alijaribu mwenyewe kwa kidole, akaurudisha wembe kwenye droo. Akasema, "Jumamosi ningemuua mtoto huyu hapa kwenye kiti changu." Akafunga duka na yeye. Tulikwenda hospitali kubwa watatu, na alimshika Baba mkono kuliko Baba alivyonishika mimi.

Hospitalini kulikuwa na foleni, na benchi la rangi ya buluu lenye joto la watu wengine. Mama mmoja mpiga picha alinipaka mafuta ya baridi panjani akapitisha kidude kama sabuni. Kwenye kioo cha mashine yake palikuwa na kimfuko cheusi. Alipobonyeza kitufe, ndani yake pakawaka rangi mbili, nyekundu inaingia, buluu inarudi, zinazungukana kama watoto wanaofukuzana kuizunguka meza. Akaongeza sauti. Shwa, shwa, shwa. Nilitaka kumwambia kwamba sauti hiyo naijua, nikashindwa.

Daktari wa upasuaji ni mwanamke mfupi anayezungumza polepole. Aliniuliza mimi, si Baba, "Uligongwa?" Nikamwangalia Baba. Nikainua unyusi. Akasubiri. Ikabidi niseme. Nikasema niligonga mlango wa chumbani, mwanzoni mwa Januari. Akasema kilichonigonga hakimhusu sana, linalomhusu ni kwamba niligongwa, na lini. Pale panjani mshipa unapita juu ya mfupa bila pa kukimbilia. Ukipigwa unabanwa kama kidole mlangoni, ukuta wake unatoboka kidogo, damu inavuja, na nyama za pembeni zinaizunguka zinaifanyia kifuko. Kila moyo ukipiga, kifuko kinajaa. Kinaitwa aneurisimu bandia. Bandia kwa sababu ukuta wa kifuko si ukuta wa mshipa wenyewe.

Baba akasema, "Kama tairi likichanika, tyubu inatokeza puto."

Daktari akacheka. "Karibu, Mzee. Lakini hapa tyubu yenyewe imetoboka, na upepo umezuiwa na nguo tu."

"Basi unaweka kiraka."

"Siweki kiraka. Mshipa huu ni mdogo, kichwa kina mingine ya kuulisha upande huu. Naufunga huku na huku, natoa kifuko."

Alisema wengine huchomwa dawa ya kugandisha damu ndani ya kifuko, lakini changu kiko juu sana na kinakua haraka, kwa hiyo ni bora kukitoa. Halafu akasema jambo ambalo wewe bila shaka unalijua na hukuniambia. Palepale unapita mshipa wa fahamu unaoinua unyusi. Atakuwa mwangalifu. Lakini hawezi kuapa.

Dada, wengine wana midomo. Mimi nina nyusi. Kufa nimekufikiria kidogo tu, hili nalifikiria kutwa nzima.

Ni Jumanne, tarehe 4. Baba hajui habari ya sanduku. Ule mpira aliufunga yeye, usimwambie.

Nyusi


Alhamisi, 6 Machi

Binti yangu,

Naandika kwa sababu mdogo wako amelala hapa karibu na kwenye simu sina siri, nyinyi wenyewe husema.

Wamekitoa. Alitiwa ganzi tu, akawa anasikia kila kitu. Daktari anasema alimwuliza mara tatu kama anaumia na mara tatu akajibu kwa mdomo. Kwa mdomo! Nilimwambia daktari arudie, nikadhani amemchanganya na mgonjwa mwingine. Nyuzi ziko ndani ya mstari wa nywele, hazionekani. Kifuko kile walinionyesha, kimeshanywea, kidogo kama haragwe. Nilikiogopa kuliko ninavyoogopa lori.

Unyusi wa kushoto haujapanda. Ukimwambia ainue, unaopanda ni wa kulia peke yake, halafu anageukia ukuta. Daktari anasema mshipa wa fahamu haukukatwa, umesumbuliwa tu, usubiriwe. Nasubiri. Nimefunga duka tena leo. Bwana Plasta ameleta ndizi.

Sasa lingine. Mdogo wako amemwambia daktari kwamba aligonga mlango wa chumbani. Chumba chenu kina pazia. Mlango niliung'oa mimi mwaka juzi nikatengeneza meza ya dukani.

Nilikuwa kituoni siku ile unaondoka, nyuma ya basi, nalipia mzigo. Sikuona, lakini nilisikia bati likigonga kitu, na nilipofika mlikuwa mnacheka. Baadaye niliokota ule mpira chini. Ulikuwa tyubu iliyochoka. Nilijua imechoka, nikasema itafika tu. Tangu kile kitambaa kidondoke najua.

Usimwambie kwamba najua. Anaubeba ule uongo kama mtu anayebeba yai mkononi, na anaubeba kwa ajili yetu wawili. Mwache afike nao.

Nimekununulia mkanda wa kufungia sanduku, mpya, wa ngozi. Utaukuta ukija likizo.

Baba yenu


Jumapili, 30 Machi

Dada,

Salamu leo zinatangulia, kwa sababu ni nzuri. Nyuzi zimetoka. Nilirudi kliniki Ijumaa, yule mama mpiga picha akapitisha kidude chake, na kwenye kioo hapakuwa na kitu. Pametulia. Daktari aliweka kidole panjani, akafumba macho, akasema, "Kimya kabisa." Halafu akaniambia niinue nyusi.

Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni kila asubuhi, nikiusukuma unyusi kwa kidole kama baiskeli iliyopata pancha. Wiki ya kwanza haukutikisika. Wiki ya pili ulitetemeka, nikadhani ni inzi. Juzi Baba aliniuliza kama nataka chai, akawa ameinama, na alipoinua kichwa akakuta nimeshamjibu. Wa kushoto, peke yake, juu. Aliweka sukari mara mbili, akakoroga, akainywa yeye mwenyewe chai yangu.

Unachelewa kidogo bado, kama mtu anayeitwa akiwa jikoni. Lakini unakuja.

Baba amebadilika. Anasema siku hizi nimekuwa msemaji. Si kweli, nimesema tu mara chache mahali panapotakiwa. Jana alinunua bawaba akasema atatutengenezea mlango wa chumba. Nilibaki nimesimama na ufagio. Nikakumbuka nilichomwambia daktari, na uso mzima ukanichoma. Sijui kama Baba amewahi kulifikiria hilo. Nadhani hapana. Angesema.

Ile alama ya mraba sakafuni sasa naifagia katikati. Sikuona sababu ya kuizunguka, utaweka sanduku palepale ukija. Ukilala nitakupiga mateke yote uliyoyakosa.

Lipo jambo moja la mwisho, na hili sitalisema kwa mdomo hata siku nikijua kusema. Kila mtu ananiuliza kama nimefurahi, nami nainua unyusi mmoja, na ni kweli nimefurahi. Lakini nikilala, bado nalalia upande wa kushoto. Naweka sikio kwenye mto, nasubiri. Kile kitu kingeniua, najua, nimeelezwa na watu watatu waliosoma. Ila kwa muda wote ule nilipokuwa nacho, kila nikifumba macho nilisikia ndala zako zinakuja chumbani: shwa, shwa, shwa. Sasa hazisikiki tena, na naona nimezikosa kuliko nilivyozikosa siku ile ya basi.

Usimwambie Baba, aliyefunga duka kwa ajili yangu. Usimwambie daktari, alishona vizuri sana. Hata ukija likizo usiniulize, utaniona tu nimeinua zote mbili. Liweke hili humo kwenye sanduku, chini kabisa, pamoja na ule uzi wa kijani, ufunge.

Nyusi